Nchi Jirani: Kumpokea Mlalamikaji ni Kazi ya Kufundishwa



Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Kenya, ikikaa mjini Meru, ilitoa hukumu ambayo yafaa isomwe katika kila chuo cha polisi cha Afrika Mashariki. Watoto wa kike kumi na mmoja, wakisaidiwa na shirika lililokuwa limewapa hifadhi, waliwashtaki polisi wa nchi yao. Kiini cha shauri lao hakikuwa unajisi waliotendewa, bali yale yaliyofuata walipokwenda kituoni kutoa taarifa. Walieleza kwamba taarifa za baadhi yao hazikuandikwa; kwamba wengine waliambiwa walete mashahidi wao wenyewe, kana kwamba kosa la namna hiyo hutendwa sokoni mchana; kwamba wengine waliombwa fedha ya mafuta ya gari ili mtuhumiwa akakamatwe; na kwamba walihojiwa kwa maneno ya kuwadhalilisha. Jaji J. A. Makau alikubaliana nao. Alisema kuwa polisi walishindwa kufanya upelelezi wa haraka, wa kina na wa kitaalamu, na kwamba kushindwa huko kulivunja haki za watoto hao, tena kuliwapa wahalifu imani kwamba wanaweza kutenda wapendavyo bila ya kuogopa mkono wa sheria.

Katika hukumu hiyo limo neno moja la kuzingatiwa, nalo ni "kitaalamu". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 244, inawaagiza polisi wawafundishe watumishi wao mpaka wafikie kiwango cha juu kabisa cha uwezo na uadilifu, na waheshimu haki na utu wa binadamu. Hivyo basi askari wa kaunta aliyemdhalilisha mtoto wa Meru hakuwa amekosa adabu tu. Alikuwa hajui kazi yake. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo hilo: ni nini hasa anachopaswa kufundishwa mtu ambaye kazi yake ni kumpokea aliyebakwa, au aliyepigwa na mtu wa nyumbani mwake, awe ni askari polisi, daktari, muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii au mwendesha mashtaka, na majirani zetu wamejifunza nini katika jambo hili, mara nyingi kwa gharama kubwa.

Wako watakaosema kwamba hili si jambo la kufundishwa. Watasema kwamba mwenye moyo wa huruma atajua la kufanya, na asiye nao hatapewa na chuo chochote. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami. Hakuna ofisa wa jeshi anayemkabidhi kuruta bunduki kwa sababu tu kuruta huyo ni mtu mwema. Huruma bila ya ujuzi yaweza hata kuharibu. Muuguzi mwenye huruma humwosha msichana ili asikae na uchafu, na kwa kumwosha huondoa ushahidi. Askari mwenye huruma humwambia mama aliyepigwa, "Nenda nyumbani, mama, nitamwita mzee nimwonye," na usiku uleule mzee akalipiza kisasi kwa kuwa ameaibishwa.

Mfano mmoja mkubwa umo katika kumbukumbu za mahakama iliyokaa hapa nchini kwetu, mjini Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilipoanza kumshtaki Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa serikali katika eneo la Taba wakati wa mauaji ya mwaka 1994, hati ya mashtaka haikuwa na shtaka hata moja la kubaka. Wapelelezi walikuwa wamewahoji watu na kujaza majalada. Kesi ikaanza mwezi Januari 1997. Ndipo shahidi mmoja mwanamke, akitoa ushahidi wake, alipoeleza kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanamgambo wa Interahamwe waliokuja kumwua baba yake. Majaji, miongoni mwao Bibi Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walianza kuuliza, na mwanamke huyo akaongeza kwamba alipata kusikia habari za wasichana kubakwa katika ofisi ya serikali ya Taba. Shahidi mwingine aliyemfuata alieleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa. Mwezi Juni mwaka huohuo hati ya mashtaka ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutamka kwamba kubaka kwaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo leo inafundishwa duniani kote, nayo ingalikosekana kama hapana mtu ambaye angaliuliza swali kwa namna, na mahali, ambapo aliyeulizwa angaliweza kulijibu.

Rwanda yenyewe, iliyobaki na wanawake wengi mno wenye majeraha ya aina hiyo, ililifanyia kazi jambo hili kwa utaratibu. Mwezi Septemba 2008 ilitoka sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Mwezi Julai 2009, katika Hospitali ya Polisi iliyokuwa Kacyiru mjini Kigali, kikafunguliwa kituo kilichoitwa Isange, neno la Kinyarwanda ambalo kwa maana ya karibu ni kumwambia mgeni ajisikie yuko kwao. Kabla ya hapo mwanamke aliyebakwa alikuwa akizunguka. Alianza kituo cha polisi, akapelekwa hospitali, akarudishwa polisi na karatasi, akaelekezwa kwa mwanasheria, na kila alikofika alitakiwa aeleze upya mbele ya mtu mgeni. Wengi waliishia njiani. Isange ikawaweka chini ya paa moja daktari, mshauri wa mambo ya nafsi, ofisa wa ustawi na mpelelezi, na huduma yote ikawa haina malipo. Mpango huo ulienezwa katika hospitali za wilaya hata vituo vikapita 40. Kazi ya upelelezi wa jinai ilipohamishiwa kwenye Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 2017, mpelelezi wa Isange naye akawa anatoka huko.

Wageni wengi wanaotembelea vituo hivyo husifu majengo. Jengo ni jambo dogo. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba watu wa kazi mbalimbali wanalazimika kujifunza kazi ya mwenzao. Daktari anajifunza kwamba karatasi yake itasomwa na hakimu asiyejua lugha ya udaktari, kwa hiyo kuandika "majeraha kadhaa" hakufai kitu. Yampasa ataje ukubwa wa kila jeraha, mahali lilipo, rangi yake, na aeleze kama linaafikiana na maelezo ya mgonjwa. Anajifunza pia kutosema asilolijua. Imani ya kwamba daktari aweza kumtazama msichana na kutangaza kama ni bikira au siye haina msingi katika sayansi, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa namna hiyo ukomeshwe kabisa. Aliyebakwa aweza kuwa hana alama yoyote mwilini. Daktari anayeandika "hakuna dalili ya kubakwa", badala ya kuandika "sikuona majeraha, na kutokuwepo kwa majeraha hakukanushi maelezo yake", amefunga jalada kwa sentensi moja.

Mpelelezi kwa upande wake anajifunza saa ya daktari. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI yafaa zianze kumezwa mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72 kupita tangu tendo, kisha ziendelee kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba yaweza kutolewa hadi siku ya tano, lakini kila siku inayopita nguvu yake hupungua. Sasa mfikirie askari wa zamu anayemwambia mlalamikaji wa siku ya Ijumaa, "Njoo Jumatatu, anayeshughulikia mambo haya amesafiri." Askari huyo hana nia mbaya. Pengine ameandika kila kitu vizuri kabisa katika kitabu cha taarifa. Lakini Jumatatu dawa ya kwanza yaweza kuwa haina kazi tena. Ndiyo sababu katika mafunzo yaliyo mazuri askari hufundishwa kwamba hospitali hutangulia na maelezo marefu hufuata, na kwamba fomu, iwe ni PF3 yetu au P3 ya Kenya, ni chombo cha kumsaidia mgonjwa afike kwa daktari, si mlango wa kumfungia nje.

Viko na vielelezo. Nguo iliyovaliwa siku ya tukio haitiwi katika mfuko wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu, na unyevu huozesha kile ambacho maabara ingekitafuta. Hukaushwa mahali penye hewa pasipo jua kali, kila vazi peke yake, kisha hutiwa katika bahasha au mfuko wa karatasi, hufungwa, huandikwa tarehe na saa, na kila anayeipokea hutia sahihi. Wakili wa utetezi hahitaji kuthibitisha kwamba mtu ameingilia kielelezo. Humtosha kuonyesha kwamba kwa siku tatu haijulikani kilikuwa wapi.

Yote haya ni rahisi kufundishwa kwa siku chache. Lililo gumu ni namna ya kuuliza. Askari wengi wamezoea kuhoji watuhumiwa, na mtuhumiwa huhojiwa kwa kubanwa: ulikuwa wapi, saa ngapi, mbona sasa unasema hivi. Mtu aliyepatwa na hofu kuu akihojiwa hivyo huonekana mwongo hata akiwa anasema kweli, kwa kuwa hofu kuu haihifadhi mambo kwa mpangilio wa saa. Hukumbuka harufu ya mkono uliomziba mdomo, asikumbuke kama mlango ulikuwa wazi. Huanza habari katikati. Leo hutaja jambo ambalo jana hakulitaja. Wengine wakati wa tukio hukauka mwili wasiweze kupiga kelele wala kukimbia, na hilo ni jambo la mwili lisilotegemea ushujaa; askari aliyepata kuona mapigano analijua. Kwa hiyo swali la "Kwa nini hukupiga kelele?", ambalo husikika katika vituo vingi, halina faida ya upelelezi hata chembe, bali humwambia mlalamikaji kwamba mshtakiwa ni yeye. Mpelelezi aliyefundishwa husema, "Nieleze unayoyakumbuka, kwa namna utakayoweza," kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wengi. Baadaye huuliza, "Kisha ikawaje?" na mambo ya saa na mahali huyarudia mwishoni, pole pole, tena akieleza kwa nini anayauliza.

Kwa mtoto uangalifu huzidi. Mtoto akiulizwa, "Ni mjomba aliyekufanyia hivi, siyo?" atasema ndiyo kwa sababu mtu mzima anataka kusikia ndiyo, na jibu hilo litamwangusha mahakamani. Huulizwa maswali yaliyo wazi, kwa lugha ya nyumbani kwao, na mtu mmoja aliyefundishwa, na ikiwezekana mara moja tu.

Jinsi hilo lilivyowezekana katika mazingira magumu kabisa tunaliona ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Jimbo la Kivu ya Kusini la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika jimbo hilo, mjini Bukavu, iko Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dakta Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa Nishani ya Amani ya Nobel pamoja na Bibi Nadia Murad wa Iraki. Panzi ilianza kwa upasuaji, lakini madaktari waligundua upesi kwamba mwanamke aliyeshonwa na kurudishwa kijijini bila ya ushauri, bila ya msaada wa sheria na bila ya njia ya kujipatia riziki, alirudi hospitalini akiwa na majeraha mapya au hakurudi kabisa. Wakaongeza mambo hayo matatu, na wafanyakazi wakafundishwa kuyafanya yote kama kazi moja.

Kati ya mwaka 2013 na 2016, katika mji mdogo wa Kavumu karibu na Bukavu, watoto wa kike wapatao 40 walichukuliwa usiku vitandani mwao, wakabakwa na kutupwa karibu na makwao. Wengine walikuwa hawajafikisha hata miaka mitano. Kwa muda mrefu kila tukio lilifunguliwa jalada lake, likachukuliwa kama tukio la peke yake, likafia humo. Lililobadilisha hali lilikuwa kazi ya watu waliofundishwa: madaktari walioandika majeraha ya kila mtoto kwa mtindo mmoja, hata ikaonekana kwamba mkono uliotenda ni wa kundi moja; wapelelezi waliokubali kuyaunganisha majalada; na wahoji waliokuwa na ujuzi wa watoto, waliorekodi mazungumzo yao kwa picha ili watoto wasilazimike kusimama mahakamani. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa kijeshi waliichukua kesi. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyokaa Kavumu penyewe, iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha, akiwamo Frederic Batumike, aliyekuwa mjumbe wa baraza la jimbo na kiongozi wa kundi hilo la wanamgambo. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya kijeshi iliithibitisha adhabu yake. Mtu huyo alikuwa na cheo na bunduki, na watoto hao walikuwa na maneno yao tu, yaliyoandikwa vizuri.

Sasa yafaa tutazame upande wa pili wa sarafu, ambao wanajeshi wanaotusikiliza wanaujua. Mwezi Novemba 2012 askari wa jeshi la Kongo, wakirudi nyuma baada ya kushindwa Goma, walifika Minova wakapora na kubaka wanawake wengi. Kesi ilifunguliwa, na washtakiwa walikuwa 39. Ilipotolewa hukumu mwezi Mei 2014, waliotiwa hatiani kwa kosa la kubaka walikuwa wawili tu. Wanawake walikuja, walisema, walilia mbele ya mahakama. Lakini hawakuweza kumtambua kila mmoja wao askari aliyemtenda, na upelelezi haukuwa umejenga ushahidi wa kuziba pengo hilo. Linganisha na mambo ya Fizi. Huko, siku ya Mwaka Mpya ya 2011, askari waliokuwa chini ya Luteni Kanali Kibibi Mutware waliushambulia mji na kubaka wanawake. Mahakama ya kijeshi inayotembea ilikwenda mpaka Baraka, ikasikiliza mashahidi, na tarehe 21 Februari mwaka huohuo, yaani wiki saba tu baadaye, ikamhukumu Luteni Kanali huyo kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya binadamu. Madaktari na wanasheria walikuwa wamefika mapema, wakati majeraha na kumbukumbu bado ni mabichi, na mahakama iliwafuata wanawake mahali walipo.

Jambo hili haliko mbali na majeshi yetu. Tangu mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, walitumwa Kongo ya Mashariki katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kuingilia kati. Miongoni mwa walinda amani, Mtanzania ni mmoja wa wale ambao mama wa Kivu angeweza kuzungumza nao bila ya mkalimani. Ni heshima, lakini pia ni mzigo, kwa maana mwanamke anayekimbia humweleza mambo yake yule anayemwelewa, hata kama huyo ni koplo aliye kizuizini barabarani na si daktari. Koplo huyo hapaswi kufanya kazi ya mpelelezi. Akianza kumhoji kwa kirefu atamwumiza, na maelezo mawili yasiyolingana yatakuwa silaha ya utetezi baadaye. Linalompasa ni machache: amsikilize bila ya kumkatiza, asimwahidi asichoweza kukitimiza, hasa kwamba mhalifu atakamatwa, ahakikishe usalama wake wa saa ile, amfikishe penye tiba kabla saa 72 hazijapita, na atoe taarifa kwa mkubwa wake bila ya kulitaja jina la mwanamke huyo katika redio ya upepo, ambayo adui na jirani huisikia. Haya hufundishwa kwa asubuhi moja. Asiyefundishwa hatayabuni akiwa na kofia ya chuma kichwani.

Tumezungumza zaidi juu ya kubaka, na mara nyingi juu ya vita. Lakini walalamikaji wengi wanaofika vituoni mwetu na kwa majirani hawatoki vitani, wanatoka nyumbani. Hapa mafunzo hupambana na desturi iliyokita mizizi, nayo ni ile ya kupatanisha kaunta. Askari hujiona amefanya wema akiwakutanisha mume na mke, wakapeana mikono, jalada likafungwa. Wataalamu wa kazi hii wanakubaliana kwamba wakati wa hatari kuu kwa mwanamke anayepigwa ni ule anapojaribu kuondoka au anapotoa siri nje. Na mapatano ya kaunta humrudisha nyumbani katika saa hiyohiyo. Kwa hiyo askari hufundishwa kuuliza maswali ya hatari kabla ya jambo lingine lolote: je, amepata kukukaba shingo? Je, amekutishia kukuua? Je, ana silaha? Je, watoto wako wapi sasa? Swali la kukabwa shingo si la kupuuza. Aliyekabwa aweza kuwa hana alama nje, akawa na sauti ya kukwaruza, shida ya kumeza, au madoa madogo mekundu machoni, na aweza kufa baada ya saa au siku kadhaa. Huyo hupelekwa kwa daktari hata akisema hajambo.

Na je, mwenye silaha akiwa ni mmoja wetu? Hakuna mwanamke aliye katika taabu kama mke wa askari anayepigwa na mume wake, maana kituo anachopaswa kukimbilia ndicho anakofanya kazi mume huyo, na anayepokea taarifa pengine ni mshirika wake wa doria. Kama utaratibu haukuandikwa mapema, kwamba malalamiko hayo yatapokelewa na ofisa asiye wa kituo kile na kwamba mtuhumiwa hatachukua silaha ya serikali mpaka jambo liamuliwe, basi urafiki utaamua. Yapaswa kutajwa pia kwamba wako wanaume na wavulana wanaobakwa, vitani na mahabusu, ambao ni wagumu zaidi kusema, na ambao askari asiyefundishwa huwajibu kwa kicheko.

Ziko kasoro katika mafunzo yenyewe, na hazifai kufichwa. Kasoro ya kwanza ni uhamisho. Ofisa hupelekwa kozi, akarudi na cheti, na baada ya miezi michache akahamishiwa usalama barabarani. Mahali pake akawekwa aliye na nafasi. Fedha yote ya kozi huwa imeondoka naye. Huko Meru, baada ya ile hukumu, askari wa vituo walipewa mafunzo na walimu wakiwemo maafisa wa polisi kutoka Canada. Lakini mafunzo ya aina hiyo hukaa pale tu ambapo mkuu wa kituo naye amefundishwa, maana yeye ndiye anayeamua gari litakwenda wapi na nani atakaa kaunta usiku. Kumfundisha konstebo peke yake ni kumwachia agizo asiloweza kulitekeleza. Kasoro ya pili ni kudhani kwamba kila askari wa kike anafaa kwa kazi hii kwa kuwa ni mwanamke. Mlalamikaji akitaka kuhojiwa na mwanamke apewe, ni haki yake. Lakini jinsia si ujuzi, na kuiita kazi hii "ya akina mama" ni njia ya kuifanya ionekane nyepesi.

Ya tatu haisemwi sana. Mtu anayesikiliza habari hizi kila siku huumia. Huota ndoto zisizo zake, huwa mkali nyumbani, huanza kunywa, au moyo wake hufa ganzi akawapokea walalamikaji kama mizigo ya bandarini. Madaktari na washauri huwekewa zamu za kupumzika na mkubwa wa kuzungumza naye kila baada ya muda. Polisi hufundishwa kuvumilia tu. Huyo aliyekufa ganzi ndiye baadaye atakayemwambia mtoto alete mashahidi wake mwenyewe.

Kuhusu gharama, kwa kuwa daima huulizwa fedha itatoka wapi, tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliyokaa Nairobi ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na watu waliofanyiwa ukatili wa kijinsia katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mahakama ilisema kwamba serikali ilishindwa kuchunguza na kuwashtaki waliohusika. Wanne kati ya walalamikaji hao waliamriwa kulipwa fidia ya shilingi za Kenya milioni 4 kila mmoja. Kutoka siku ya tukio hadi siku ya uamuzi ilikuwa imepita miaka 12 na zaidi.